Anasoma Kila Siku, Ila Kitabu Hakiishi

Mpe mtoto wa miaka 12 wa East Ham au Barking, London, ukurasa wa kitabu cha historia, umwambie asome kwa sauti. Atasoma. Matamshi yake ni ya London hasa, hakwami, na kwenye nukta anapumzika inavyotakiwa. Mama akimsikia toka jikoni anaridhika. Halafu muulize mfalme anayetajwa humo aligombana na nani, na ugomvi ulikuwa wa nini. Atainua mabega.

Walimu wa sekondari wa London wamekwisha kuyazoea mabega hayo. Kule mtoto huingia sekondari akiwa na miaka 11, baada ya mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Mwaka 2024, watoto 74 katika kila 100 nchini England walifikia kiwango kinachotakiwa katika kusoma. Waliobaki, robo nzima, Septemba walivaa tai na koti la shule sawasawa na wenzao. Msingi walikuwa na mwalimu mmoja anayewajua mpaka tabia zao za nyumbani. Sekondari walimu wanawapokezana kwa kengele, na kila mwalimu anaamini kwamba kazi ya kumfundisha mtoto kusoma ilikwishafanywa na mwingine. Wa sayansi anafundisha sayansi, wa jiografia anafundisha mito. Mtoto asiyeelewa anachokisoma huanza kuporomoka katika masomo yote kwa pamoja, na nyumbani wanasema ni uvivu, au ni simu.

Simu ina lawama yake, sikatai. Lakini haielezi kila kitu.

Herufi zinafundishwa, tena kwa bidii. Tangu 2012 kila mtoto wa shule za serikali za England mwenye miaka mitano au sita hupimwa kama anaweza kuoanisha herufi na sauti, hata kwa kusomeshwa maneno ya kubuni yasiyo na maana yoyote. Katika upimaji wa kimataifa wa kusoma, PIRLS, wa 2021, England ilishika nafasi ya nne. Pengo linajitokeza baadaye, vitabu vinapoacha hadithi za paka na mbwa na kuanza kuzungumza juu ya mapinduzi, kodi na mmeng'enyo wa chakula. Wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, walilieleza jambo hili mwaka 1986 kwa hesabu ya mstari mmoja: kusoma ni kuyatambua maneno yaliyoandikwa, mara kuielewa lugha yenyewe. Walisema mara, hawakusema jumlisha. Upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata mwingine uwe mkubwa namna gani.

Sisi Waswahili tulipaswa kulielewa hili kabla ya wengine. Mtoto wa Kizanzibari au wa Mombasa anayelelewa London kutwa yuko shule na jioni yuko chuoni, yaani madrasa. Kule anasoma Kiarabu kwa tajwidi safi, herufi zikitoka mahali pake, na maana ya anachokisoma haijui. Hakuna anayedanganywa, maana kisomo hicho kina makusudio yake na kila mtu anayafahamu. Kiswahili nacho kimetuzoesha vibaya kwa wema wake: kinasomwa kama kinavyoandikwa, kwa hiyo aliyezijua silabi anaweza kukusomea hotuba ya bajeti mwanzo mpaka mwisho. Sikio letu limezoea kumpima msomaji kwa sauti. Ndiyo maana mama wa East Ham anaridhika mapema.

Zamani London ilikuwa na jibu jepesi kwa mtoto mweusi aliyesoma kwa shida: ahamishwe. Kulikuwa na shule za watoto waliohesabiwa kuwa na akili pungufu. Mwaka 1971 Bernard Coard, mwalimu kutoka Grenada aliyekuwa amefundisha katika shule hizo, alichapisha kijitabu kilichoanika mambo. Takwimu za mamlaka ya elimu ya London ya kati za 1967 zilionyesha kwamba watoto wa wahamiaji, wengi wao wa asili ya Karibi, walikuwa asilimia 28 katika shule hizo, ilhali katika shule za kawaida walikuwa asilimia 15. Vipimo vilivyowapeleka huko vilijaa maneno na mambo ya nyumba za Kiingereza. Mtoto aliyefika kwa meli juzi angeyajulia wapi? Mwongozaji wa filamu Steve McQueen, aliyekulia London, aliitengenezea habari hii filamu mwaka 2020 na kuiita Education. Mhusika wake, Kingsley, ana miaka 12, anapenda habari za anga, na kusoma hakumwendei. Shule inamwondoa. Wanaomwokoa ni akina mama wa mtaani na darasa la Jumamosi.

Madarasa hayo yalikuwapo kweli. Kijitabu cha Coard kilitolewa na New Beacon, kampuni ndogo ya vitabu iliyoanzishwa mwaka 1966 na John La Rose wa Trinidad pamoja na Sarah White. La Rose huyohuyo alianzisha mwaka 1969 shule ya ziada iliyopewa jina la mwanaharakati George Padmore. Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya kulikumbuka duka la New Beacon la Finsbury Park, kwani kampuni hiyo ndiyo iliyochapisha Barrel of a Pen cha Ngũgĩ wa Thiong'o mwaka 1983, alipokuwa uhamishoni London. Mchapishaji mmoja, duka moja na darasa moja, na mtoto anakaa katikati yake akiona watu wazima wanaosoma kwa sababu wana haja na kinachosomwa. Hilo nadhani lilifundisha kuliko zoezi lolote.

Jamii zetu zimefuata njia hiyo kwa kadiri ya uwezo. Wabarawa, ndugu zetu wasemaji wa lahaja ya Chimwini waliokimbia vita Somalia, walikuwa na kituo chao Muswell Hill, kaskazini ya London, ambako watoto walikwenda baada ya shule. Kiliteketea kwa moto Juni 2013.

Siku hizi anayeweza analipa. Uchunguzi wa taasisi ya Sutton Trust wa 2023 uliwakuta vijana 46 katika kila 100 wa London, wenye umri wa miaka 11 hadi 16, wakiwa wamewahi kupata mwalimu wa pembeni. England na Wales kwa jumla walikuwa 30. Hufundishwa nini? Mara nyingi kijana hupewa aya mbili zilizokatwa katika riwaya, na chini yake maswali matano. Akimaliza anapewa aya nyingine, ya kitabu kingine. Shuleni mambo ni hayohayo: kipande, maswali, kipande, maswali, kwa kuwa mtihani wa lugha ya Kiingereza wanaoufanya wakiwa na miaka 16 umeandikwa hivyo. Kijana anaweza kusoma kila siku kwa miaka mitatu na asijue riwaya hata moja iliishaje.

Hapo ndipo utafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Sussex unaponivutia. Jo Westbrook na wenzake waliwaomba walimu 20 wa Kiingereza, kusini mwa England, wabadilishe mwendo. Kila darasa la watoto wa miaka 12 na 13 lilisoma riwaya mbili nzima, ngumu kidogo kuliko walizozizoea, moja baada ya nyingine, kwa kasi, katika wiki 12. Hakuna kukata aya, wala kusimama kila ukurasa kuandika majibu. Wanasoma, wanazungumza, wanaendelea. Wanafunzi kwa jumla walisonga mbele kwa wastani wa miezi minane na nusu katika kipimo cha kuelewa. Wale waliohesabiwa dhaifu walisonga miezi 16.

Kuna nyongeza inayochekesha. Nusu ya walimu walipewa mafunzo maalumu ya kufundisha ufahamu, na nusu hawakupewa. Matokeo hayakutofautiana. Ni utafiti mdogo, na makundi yote mawili yalisoma kwa kasi, kwa hiyo usiuchukue kama hukumu ya mwisho. Lakini unagonga imani iliyokaa sana, kwamba mtoto mzito lazima aende polepole. Anayekwenda polepole huchukua muhula mzima kwenye kitabu kimoja, na akifika sura ya tisa amekwisha kusahau nani alimwoa nani. Kasi humwachia hadithi ikiwa hai kichwani, na hadithi iliyo hai ndiyo inayombebea maneno asiyoyajua. Neno lililokutwa mara tano katika safari moja hukaa. Lililopigiwa mstari mara moja katika kipande, kesho halipo.

Na hili la kusoma mpaka mwisho, chuo cha jioni kinalijua zamani. Mtoto huanza juzuu ya kwanza ya masomo yake akijua kwamba kuna siku atakhitimu, na siku hiyo itapikwa biriani. Mwalimu wa chuo hamkatii aya tatu akamwambia haya ndiyo ya mtihani. Laiti shule za sekondari zingeazima hilo tu.

Nyumbani, mzazi asiye na Kiingereza kingi hujiona hana msaada. Nadhani anakosea. Ukirudi kwenye hesabu ya Gough na Tunmer, upande wa pili ni kuelewa: kujua mambo, kuweza kufuata kisa kirefu, kuuliza kwa nini. Haya yanajengwa kwa lugha yoyote. Anayemweleza mwanawe kwa Kiswahili jinsi biashara ya karafuu ilivyokwenda anamwandalia somo la uchumi la sekondari. Kilicho kibaya ni ule ushauri kwamba familia iache Kiswahili na kuzungumza Kiingereza cha kuungaunga. Mtoto hupoteza mazungumzo marefu ya Kiswahili, na ya Kiingereza hapati.

Kwa kijana aliyefika miaka 15 hivi kuna bahati ambayo wazazi wengi wa London hawajaichangamkia. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, mshindi wa Nobel ya fasihi mwaka 2021, alitoa Paradise mwaka 1994. Ida Hadjivayanis, mwalimu wa Kiswahili katika chuo cha SOAS hapohapo London, ameitia Kiswahilini kwa jina la Peponi. Mama achukue Peponi, kijana achukue Paradise, wakutane mezani kila baada ya sura mbili. Yusuf, mhusika mkuu, yumo katika mwaka wake wa 12 kisa kinapoanza, lakini kitabu chenyewe ni cha watu wazima, na wa miaka 12 angoje kidogo. Shuleni huenda asikutane na kitu kama hicho. Ripoti ya kampeni ya Lit in Colour ya 2021 ilikuta kwamba wanafunzi waliofanya mtihani wa fasihi wa miaka 16 kwa riwaya ya mwandishi asiye mzungu hawakufika hata asilimia moja.

Pahali pa kusomea papo bado, ingawa wilaya ya Brent peke yake ilifunga maktaba sita mwaka 2011. Whitechapel kuna maktaba ya Idea Store, jengo la vioo vya kijani na buluu lililofunguliwa 2005, pembeni ya soko, linaloingiwa kama dukani. Aliyelibuni ni David Adjaye, mtoto wa mwanadiplomasia wa Ghana, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1966.

Huko Dar, mtoto anayeingia kidato cha kwanza baada ya kusoma msingi kwa Kiswahili anafanana sana na yule wa East Ham. Herufi anazo, Kiingereza cha kitabu kinamponyoka, na kila mwalimu anadhani mwingine amekwisha kumsaidia. Njia ya Sussex haidai kompyuta wala mtaalamu wa kigeni. Inadai nakala za kutosha za riwaya moja, mwalimu anayesoma vizuri kwa sauti, na mkuu wa shule atakayekubali wiki 12 zipite bila jaribio la kila Ijumaa. Katika matatu hayo, la tatu ndilo naliona gumu.