Anga Safi, Majani Meusi

Baridi ya Julai, ile ya mawingu na manyunyu, haimsumbui sana mkulima wa chai wa Kericho au Nandi. Kinachomkosesha usingizi ni Januari: mchana jua kali, jioni upepo umetulia, usiku nyota zimejaa anga zima. Huo ndio msimu wa jalidi, yaani baridi inayogandisha majani, na Januari 2012 ilibabua chai nyingi upande huo wa Bonde la Ufa. Njombe na Makete, Tanzania, hali hiyo huja Juni hadi Agosti, kwa kuwa ndio kiangazi chao.

Ardhi iliyopata jua mchana hutoa joto lake usiku kuelekea angani. Mawingu na unyevu wa hewani hulirudisha kwa kiasi kikubwa. Anga likiwa wazi na hewa kavu, joto hutoroka, na jani, kwa wembamba wake, hupoa kuliko hewa inayolizunguka. Ndiyo maana kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa, kilichowekwa juu kidogo ya ardhi, huweza kusoma nyuzi 2 au 3 za Selsiasi huku viazi vya jirani vikiwa vimeshaganda.

Hewa baridi ni nzito. Pasipo upepo wa kuichanganya, huteremka kama maji na kutuama bondeni. Kwa hiyo shamba moja la Kinangop laweza kuamka kijani juu na kuungua chini, na kwa bahati mbaya huko chini ndiko kwenye udongo mzuri. Ua mnene wa miti uliokatiza mteremko chini ya shamba huzidisha balaa, maana huizuia hewa hiyo isipite. Kufungua nafasi kwenye ua ni kazi ya panga na siku moja, na sijui kwa nini hatuifanyi zaidi.

Ndani ya jani, barafu huanza katika nafasi zilizo kati ya seli. Huvuta maji kutoka kwenye seli hadi zinasinyaa na ngozi zake kupasuka. Saa kumi na mbili asubuhi jani la kiazi ni kavu na gumu, ukilikunja linavunjika. Saa nne limelowa na kulegea. Jioni ni jeusi. Sukuma wiki hustahimili, kwa sababu baridi huifanya ilimbikize sukari, na wengi wameonja utamu huo bila kujua chanzo chake. Chai hupoteza vichipukizi, na huenda ikapita hata miezi mitatu kabla ya kuchumwa vizuri tena. Mchumaji anayelipwa kwa kilo ndiye wa kwanza kuumia.

Juu ya Mlima Kenya, ambako jalidi ni ya karibu kila usiku, lobelia kubwa huhifadhi maji katikati ya majani yake. Maji hayo huganda juu tu. Chini hubaki maji, na chipukizi lililo ndani halishuki chini ya sifuri. Siri ni kwamba maji yanapoganda hutoa joto: kilo moja ikiganda hutoa joto la kutosha kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80.

Kunyunyizia mimea maji usiku kunategemea kanuni hiyohiyo, ila mashine isizimwe mpaka barafu yote iyeyuke. Ikikatika saa kumi alfajiri, majani yaliyolowa hupoa kuliko yale ambayo hayakuguswa. Asiye na mashine amwagilie udongo mchana, kwani udongo wenye unyevu hutunza joto zaidi. Matandazo makavu, tunayoyasifu kila siku, hulifungia joto hilo ardhini lisiyafikie majani. Wiki za hatari yasogezwe kando. Kuchoma nyasi mbichi ili moshi ufunike shamba hakusaidii: moshi hauzuii joto kutoroka, na asubuhi huchelewesha jua.

Baada ya jalidi, usikimbilie kupogoa. Ngoja vichipukizi vipya vionyeshe mti uliokufa unaishia wapi. Na mwenye ng'ombe asiwakatie mtama mbichi uliobabuka, kwani huzalisha sumu ya sianidi; uachwe hadi ukauke kabisa.