Kwa nini wanaandika tena kodi yenye inafanya kazi?

Katika komini ya Mangobo, hapa Kisangani, joto ya mchana chini ya mabati ni adui wa ordinateri. Mashini inajuaje kama imepata moto? Ndani yake kuna vipimajoto vidogo. Kwa mfumo wa Linux, wenye Linus Torvalds alianzisha 1991, vipimajoto hivyo vinasomwa na draiva, programu ndogo ndani ya kiini cha mfumo. Wengine wanaiita piloti. Draiva inatoa joto kwa sehemu za elfu za digrii: 45000 maana yake digrii 45.

Zamani, kila draiva ilikuwa inajitengenezea yenyewe mafaili ya kuonyesha namba hizo. Kazi ni moja, lakini iliandikwa mara nyingi, na makosa pia. Draiva ikiandika 45 tu, programu ya kuongoza feni itafikiri mashini ni baridi kabisa. Feni itazunguka polepole, joto itaendelea kupanda.

Njo maana kodi inapangwa upya. Mafaili sasa yanatengenezwa na sehemu moja ya pamoja. Draiva inabaki kusema iko na vipimo gani, kuvisoma, na kuandika kikomo kikibadilishwa. Majina na namba havibadiliki, ili programu za zamani zisikwame.

Kwa mwenye kununua mashini ya mtumba, faida iko hapa: kodi fupi ni rahisi kutunza, hata mashini ikizeeka. Lakini kodi haipanguse vumbi. Feni, ni mwenyewe ataisafisha.