Ukishuka mjini kucheza, ushuke na pesa ngapi?

Wandugu wachimbaji, na nyinyi mama zetu munaobaki nyumbani na watoto, leo sitaandika juu ya kooperative wala juu ya bariere za barabarani. Hizo zitarudi, munanijua.

Juma iliyopita kijana mmoja wa mashimo ya upande wa Mongbwalu alinikuta kwenye biro ya sendika hapa Bunia. Nilifikiri amekuja juu ya karti yake ya mchimbaji, maana hiyo ndiyo kesi inatuletea watu wengi. Hapana. Alifunga mlango, akakaa, akasema kwa sauti ya chini: "Mukubwa, tuko batatu, tunataka kwenda Kampala kucheza kazino. Mutu anaendaka na feza ngapi?"

Ningeweza kumpa mahubiri. Lakini mapadri na wachungaji wanafanya kazi hiyo vizuri kuliko mimi, na hata hivyo Jumapili magaribi maduka ya pari hapa mjini yanajaa vijana wenye tiketi mkononi. Zile mashini za vibandani nazo hazikosi mtu. Kijana aliniuliza swali la pesa, na swali la pesa linastahili jibu la pesa. Tena mimi mwenyewe, mwaka ule nilipokuwa na lazima ya kuuliza, sikuuliza mtu.

Kwanza tuone juu ya nini swali hili ni gumu kwetu kuliko kwa mwalimu au askari. Tangu 1903, wakati watafuta dhahabu kutoka Australia walipoona dhahabu ya Kilo, baba zetu na babu zetu walifanya kazi ya kampuni. Kilo-Moto ilikuwa kampuni, ikawa OKIMO mwaka 1966, leo ni SOKIMO. Mtu wa kampuni alingojea mwisho wa mwezi. Mshahara ulikuwa kidogo, na miaka ya mwisho haukuja kabisa, lakini mtu alijua kipimo chake. Mwaka 1982 serikali iliruhusu raia kuchimba wenyewe, na sisi ni watoto wa ruhusa ile. Sisi hatuna mwisho wa mwezi. Unaweza kukaa miezi minne unakula kwa deni la PDG, mchanga hautoi kitu, kisha siku moja mnaosha na mnagawana, na mfukoni unaona pesa ya miezi minne kwa mara moja. Mtu akiona pesa ya namna hiyo anafikiri ni nyingi. Si nyingi. Ni ile ile ndogo, imekusanyika tu.

Ndio maana nilimwambia kijana: kabla ya kuuliza pesa ngapi, uliza ni za nani.

Hapa nitasema ya kwangu. Wengine wa Mongbwalu wanaijua, bora waisome kutoka kwangu.

Mwaka 2014 tulikuwa watu 18 kwenye shimo moja. Maji yalikuwa yanatushinda. Tulichanga pesa ya kununua motopompi, dola 640, na wenzangu wakanichagua mimi nishuke Bunia kuinunua, juu mimi ndiye niliyefika sekondari na nilijua kusoma fakture. Mfuko wa kulia niliweka 640. Mfuko wa kushoto niliweka 210, pesa yangu mwenyewe ya mgawo. Nilifika Ijumaa jioni, duka limekwisha kufungwa. Nikaenda kwenye nyumba moja ya kucheza karata. Jina lake sitalitaja, na siku hizi haiko tena.

Zile 210 ziliisha kabla ya saa tano ya usiku. Ningeondoka pale pale, ningekuwa mjinga wa kawaida, kama wajinga wengi. Asubuhi nilirudi na kutoa dola mia kutoka mfuko wa kulia. Nilijiambia ninazikopa. Neno hilo "kukopa" mulisikilize vizuri, kwa sababu hakuna mtu anasemaka "ninaiba". Mia ikaenda. Nikaongeza mia mbili ili kurudisha mia. Jumamosi saa sita nilikuwa nimesimama kwenye jua na dola 340, na lile duka la motopompi lilikuwa limefunguliwa mbele yangu.

Nilinunua pompi ya mtumba. Ilifanya kazi siku tatu. Siku ya nne maji yalipanda, usiku ukuta wa shimo ukaanguka. Mungu alisaidia, hakukuwa na mtu ndani. Juma sita hatukutoa hata kijiti kimoja cha dhahabu. Niliwaambia wenzangu ukweli siku ya tano, sababu mmoja alianza kumshitaki muuza pompi, nikaona nitamwongezea mtu mwingine dhambi yangu. Hawakunipiga. Walikaa, walihesabu, wakasema nitafanya kazi bila mgawo mpaka 300 zirudi. Ilichukua miezi nane. Binti yangu wa kwanza alikaa nyumbani trimestre nzima juu ya minervali, na mpaka leo akinikasirikia anajua wapi pa kushika.

Basi, ngapi? Ile iliyo ya kwako peke yako. Pesa ya timu haiingii. Deni la PDG haliingii. Chakula ya nyumba, minervali, dawa ya mzee, hizo si zako hata kama ziko mfukoni mwako. Kinachobaki, usikichukue chote. Chukua kile ungeweza kutoa kwenye matanga ya shemeji bila kulala unakihesabu. Kwa mchimbaji mmoja ni dola 20, kwa mwingine ni 150, na kwa wengi wetu, miezi mingi, ni sifuri. Sifuri nayo ni jibu.

Kijana alisema kwa mgawo wake alikuwa na 820. Alitaka kwenda na 600.

Tulichukua karatasi. Kutoka Bunia mpaka Mahagi ni gari, na barabara munaijua: unalipa hapa, unalipa pale, na siku nyingine hamupiti kabisa juu ya watu wenye silaha. Pale Goli unapita mpaka, una lazima ya karatasi za safari na ya kubadilisha dola kwa shilingi ya Uganda. Kisha Nebbi, Pakwach, daraja la Nile, na usiku mzima wa basi mpaka Kampala. Kulala, kula, kurudi. Hiyo yote inahesabiwa mbali na pesa ya kucheza, na pesa ya kurudi haiingii kazino hata siku moja. Lipa tiketi ya basi ya kurudi mapema kama inawezekana. Mtu akishindwa Bunia anarudi nyumbani na miguu, lakini kutoka Kampala hana njia.

Nikamuuliza: "Muko na miaka ngapi?" Wawili wana zaidi ya 25, mmoja ana 22. Huyo wa 22 abaki. Sheria ya Uganda ya 2016 juu ya bahati nasibu na michezo hii inakataza mtu wa chini ya miaka 25 kucheza. Hawakujua. Wangemlipia njia yote ili akae nje ya mlango.

Sasa mahesabu ya meza yenyewe. Rulete ina namba 37, kuanzia 0 mpaka 36. Ukiweka dola moja kwenye namba moja na ikatoka, wanakulipa 35 juu ya ile yako. Kama mchezo ungekuwa sawa wangelipa 36. Ile moja inayokosa ndiyo mshahara wao, na inafanya karibu dola 2 na senti 70 kwa kila dola 100 unazoweka mezani. Mtu anasema, 2.70 ni kidogo! Ni kidogo kama pesa inapita mara moja. Lakini haipiti mara moja. Ukiweka dola 5 kwa kila mzunguko, na gurudumu lizunguke mara 40 kwa saa, umeweka dola 200 kwa saa moja, hata kama ulikuja na 50 tu. Masaa sita, ni 1,200, na wenye nyumba wanangojea karibu 32 zao. Siku moja utapata zaidi, siku nyingine utapoteza zote. Wao wanangoja tu, hawana haraka.

Na rulete ndiyo ya huruma. Tiketi ya mpira ni mbaya zaidi, na ndiyo vijana wetu wanapendaka. Chukua mechi ya timu mbili zenye nguvu sawa, mchezo wa kuchagua moja kati ya majibu mawili. Ingekuwa sawa wangekupa 2.00. Wanakupa, tuseme, 1.85. Mechi moja haionyeshi. Lakini kijana wetu anafunga mechi 10 kwenye tiketi moja, anaona franka zake zitazidishwa mara 470, macho yanatoka. Nafasi ya kupata kumi zote ni moja kwa 1,024. Wangepaswa kulipa 1,024, wanalipa 470. Zaidi ya nusu imekwisha kubaki kwao kabla mpira haujaguswa. Mnunuzi wa dhahabu akikupunja hivyo kwenye mizani ungeita timu nzima. Mashini za vibandani siwezi hata kuwafanyia hesabu, sababu hakuna kitu kimeandikwa juu yake.

Kijana alikuwa na dawa yake: ukishindwa, ongeza mara mbili, siku ya kushinda utarudisha yote. Dawa hiyo ni ya zamani kuliko Kilo-Moto. Anza na dola 2 kwenye nyekundu: 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128. Mara saba mfululizo umepoteza 254, na ya nane inakudai 256. Mara saba mfululizo inatokea karibu mara moja kwa kila mfululizo 106 unaoanza. Kwa usiku wa kazino hiyo si mbali. Na yote hayo ni kwa kutafuta faida ya dola 2. Alinyamaza muda mrefu. Nilimhurumia, nilijua anazika kitu.

Juu ya kugawa: kama pesa ya kucheza ni 100 na mna usiku mbili, unaingia na 50, nyingine inabaki kwa mwenzako asiyecheza usiku huo. Uliza kwanza kiasi kidogo kabisa wanachokubali mezani. Kama hazikutoshi kuweka mara 40 au 50, meza ile si yako, tazama tu. Pale watakugeuzia pesa kuwa jetoni, vipande vya plastiki, na plastiki haiumi kama pesa inavyouma. Dola imekuwa shilingi, shilingi imekuwa jetoni, mtu haoni tena kwamba kile kipande ni siku mbili ndani ya maji mpaka magoti. Mahali pengi pombe wanakupa bure. Hiyo pombe usiiite bure.

Simu nayo. Siku zangu, pesa ilipoisha mfukoni ilikuwa imeisha. Leo mtu anapiga nyumbani usiku: "Mama watoto, nitumie mia, kuna shida ya njiani." Mama zetu, hapa ninawaambia nyinyi: mpatane kabla ya safari. Akipiga na kusema ni ugonjwa, ongea na mwenzake pia. Siyo kumdharau bwana. Mimi ningekuwa na simu ya namna hiyo 2014, ningemaliza hata pesa ya mama yangu.

Kwenye timu yetu, tangu ile habari ya pompi, mtu hatumwi mjini peke yake na pesa ya wote. Wanaenda wawili, na pesa ya duka tunaituma kwa simu ya muuzaji akisha kuonyesha kitu. Likelemba yetu inakusanywa siku ya kugawana pale pale shimoni, kabla mtu hajavaa nguo za kutoka. Wengine wananiuliza nani alileta kanuni hiyo. Ninawajibu.

Kijana alirudi juzi, safari hii na bibi yake. Mama huyo alikuwa na daftari ya shule ya mtoto, amepiga mistari: chakula, minervali ya wawili, bati kumi za nyumba. Walibishana mbele yangu nusu saa juu ya bati. Mwishoni alibaki na 90 ya kucheza, mbali na njia. Mwenzao wa miaka 22 ametolewa, amekasirika, wanamlipia soda.

"Na nikishinda, mukubwa?"

Bibi ndiye aliyejibu. "Ukishinda mara mbili ya ile ulienda nayo, unasimama, unanipigia. Usiku ile ile. Hata kama nimelala."

Wanapanda gari ya Mahagi Alhamisi, kama njia iko wazi.