Kidonge cha alfajiri na uchovu usioisha Mgori

Mwanamke wa Mgori, mkoani Singida, akisema amechoka, hakuna anayeshtuka. Ameamka gizani, amechota maji, amepalilia alizeti au uwele hadi jua la utosi, amerudi na mzigo wa kuni kichwani, na jioni jiko bado linamngoja. Nani asichoke? Ndiyo maana ugonjwa ninaouandika leo hupita katikati ya watu bila kutambuliwa. Dalili yake kubwa ni uchovu, na vijijini kwetu uchovu hauhesabiwi kuwa ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe ni upungufu wa homoni za tezi ya thairoidi, ile tezi ndogo iliyokaa mbele ya shingo, chini ya kikoromeo. Homoni zake ndizo zinazoamua mwili ufanye kazi kwa kasi gani: moyo upige vipi, utumbo usukume chakula vipi, joto la mwili liwe kiasi gani. Zikipungua, kila kitu huzubaa. Mgonjwa husikia baridi wakati wenzake wamevua masweta. Choo kinakuwa kigumu, ngozi inakauka, nywele zinakatika, sauti inakuwa nzito, uso unavimba. Uzito unaongezeka ilhali sahani ni ileile. Hedhi inatoka nyingi kuliko kawaida, mimba haishiki, na kumbukumbu inafifia. Hayo yote huja polepole, kwa miezi na hata miaka, kiasi kwamba mwenyewe huanza kuamini kuwa ni umri tu. Wapo wanaoitwa wavivu na wakwe zao. Wapo wanaopimwa malaria na taifodi kila mara, na wapo wanaozungushwa kwa waganga wakiambiwa wamelogwa. Wanawake huugua zaidi ya wanaume, tena kwa tofauti kubwa.

Tezi hii si ngeni katika historia ya afya ya Tanzania. Miaka ya 1980 ilikadiriwa kuwa robo ya wananchi walikuwa na goita, yaani uvimbe wa tezi hii, na kwamba watu wanne kati ya kila kumi waliishi katika maeneo yenye upungufu wa madini joto. Kuanzia mwaka 1986 vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi, na katikati ya miaka ya 1990 kanuni zikataka chumvi ya kula iwekwe madini hayo. Taasisi ya Chakula na Lishe ndiyo iliyobeba kazi kubwa. Upimaji wa mwaka 2004 ulikuta goita kwa wanafunzi imeshuka hadi asilimia 6.9, na asilimia 83.6 ya kaya zikitumia chumvi yenye madini joto. Ni ushindi mkubwa ambao haujaimbwa vya kutosha.

Kwa mkoa wa Singida kuna jambo moja la kuongeza. Uwele, nafaka ya jadi ya Wanyaturu, una kemikali za asili zinazoweza kuizuia tezi ya thairoidi kufanya kazi yake. Watafiti waliligundua hilo kwa kufuatilia goita ya Darfur, Sudan, ambako watu hula uwele kwa wingi, na matokeo ya maabara yakachapishwa mwaka 1989. Mihogo nayo ina tabia inayokaribiana na hiyo. Sisemi watu waache ugali wa uwele; ni chakula kizuri kinachostahimili ukame wa kanda ya kati, na madhara hayo huonekana hasa pale madini joto yanapopungua. Ninachosema ni kwamba nyumba inayokula uwele haipaswi kukosa chumvi yenye madini joto, na chumvi ya mafungu inayoanikwa gulioni bila kujulikana ilikotoka si ya kuaminiwa.

Lakini ushindi wa chumvi umeacha dhana moja yenye madhara: kwamba kila tatizo la tezi hii ni la madini joto, na dawa yake ni kuongeza chumvi. Sivyo. Mtu mzima anaweza kula chumvi safi maisha yake yote na bado tezi yake ikashambuliwa na kinga ya mwili wake mwenyewe hadi ikafa. Daktari wa Japani, Hakaru Hashimoto, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1912, na bado unaitwa kwa jina lake. Wengine tezi zao ziliondolewa kwa upasuaji wa goita, au walitibiwa kwa madini joto yenye mionzi, tiba inayotolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kwa mtu ambaye tezi imeondolewa au imekufa, hakuna chumvi wala mzizi utakaoirudisha. Anahitaji homoni ile ile, kila siku, maisha yake yote.

Homoni hiyo hutolewa kama kidonge kidogo cha livothairoksini. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mgonjwa wake maji yaliyokamuliwa kutoka tezi ya kondoo. Mwanamke huyo, aliyekuwa na umri wa miaka 46, aliendelea kutumia dawa ya tezi za kondoo na akaishi miaka 28 zaidi. Leo dawa inatengenezwa kiwandani, haihitaji kondoo wala sindano, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ni dawa nzuri sana, ila inachagua namna ya kumezwa.

Imezwe tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula. Mkulima ana bahati hapa. Akiamka alfajiri, kabla ya kutafuta jembe, anaweza kumeza kidonge chake, na atakapopata uji au chai ya maziwa dawa itakuwa imekwisha kunyonywa. Kinachoharibu ni kukimeza pamoja na chai, maziwa, kahawa, au uji wa lishe uliochanganywa soya. Anayeshindwa asubuhi anaweza kumeza usiku anapolala, saa tatu au zaidi baada ya chakula cha mwisho, na utaratibu huo huwafaa pia Waislamu wakati wa Ramadhani, baada ya kuzungumza na daktari. Muhimu ni kuchagua saa moja na kudumu nayo.

Vidonge vya kuongeza damu, vidonge vya kalsiamu na dawa za kutuliza asidi ya tumbo huikamata livothairoksini tumboni na kuizuia isiingie mwilini, kwa hiyo vitenganishwe nayo kwa saa nne. Rifampisini, inayotumika kutibu kifua kikuu, na dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini, huifanya imalizike mwilini haraka zaidi. Kwa hiyo kila daktari anayekuandikia dawa mpya aambiwe habari za kidonge hiki. Pakiti nayo isiwekwe dirishani penye jua wala karibu na moto, kwa kuwa dawa hii haivumilii joto, mwanga wala unyevu.

Sasa tuje kwenye damu, maana hapa ndipo mambo mengi yanapoharibikia.

Kipimo kikuu kinaitwa TSH. Hiyo si homoni ya tezi ya thairoidi; hutoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, nayo kazi yake ni kuiamuru thairoidi ifanye kazi. Ni kama mama anayemwita mtoto aliye mbali: asipoitikiwa, hupaza sauti. Kwa hiyo TSH ikiwa juu, maana yake homoni ya thairoidi iko chini, na TSH ikiwa chini sana, homoni imezidi. Wagonjwa wengi huambiwa “kipimo chako kiko juu” wakadhani dawa imezidi, wakaipunguza wenyewe. Maabara nyingi huhesabu kiwango cha kawaida kuwa kati ya 0.4 na 4 hivi. Mgonjwa aandike namba yake kwenye daftari la kliniki, pamoja na tarehe na dozi aliyokuwa akimeza siku hiyo. Daftari hilo lina thamani kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote, hata ya daktari.

Mwili hauna haraka na dawa hii. Nusu ya homoni iliyomo mwilini huchukua takribani siku saba kuisha, na TSH huchelewa zaidi kutulia. Ndiyo sababu baada ya kuanza au kubadilisha dozi, kipimo hurudiwa baada ya wiki sita hadi nane, si baada ya wiki mbili. Kupima mapema ni kupoteza nauli na fedha ya maabara, na jibu lake linapotosha.

Chukua mfano wa mgonjwa aliyeishiwa dawa kwa mwezi mzima wakati mvua zimekata njia. Wiki moja kabla ya kliniki anakopa fedha, ananunua vidonge, anameza kila alfajiri bila kukosa ili daktari asimgombeze. Damu yake itatoa jibu la kuchanganya: homoni ya thairoidi yenyewe imefika kiwango cha kawaida, lakini TSH bado iko juu. Daktari asiyejua yaliyotokea ataongeza dozi. Mgonjwa akirudi nyumbani na kumeza dozi mpya kikamilifu, moyo utaanza kwenda mbio, mikono itatetemeka, usingizi utapotea. Dozi iliyozidi kwa muda mrefu hulegeza mifupa na kuvuruga mapigo ya moyo, hasa kwa wazee. Yote hayo yangeepukwa kwa sentensi moja ya kweli: “Daktari, niliishiwa dawa.” Na mimi nasema lawama hapa si ya mgonjwa peke yake. Mhudumu anayefoka anafundisha watu kuficha, na damu ya mtu anayeficha haisomeki.

Mama mjamzito ana hesabu yake. Mtoto tumboni hutegemea homoni ya mama katika wiki za mwanzo, wakati ubongo unajengwa, na mahitaji ya mama hupanda mapema. Anayetumia livothairoksini akigundua ana mimba asingoje tarehe ya kliniki. Aende mara moja, maana kwa kawaida dozi huongezwa kwa robo hivi au zaidi, na damu hupimwa kila wiki nne katika nusu ya kwanza ya ujauzito.

Bado lipo swali gumu kuliko yote. Mgonjwa amemeza vizuri, TSH imekuwa nzuri, miezi imepita, lakini bado anaburuza miguu. Si mzushi. Madaktari wa tezi wanakadiria kuwa asilimia 5 hadi 10 ya wanaotibiwa huendelea na uchovu hata vipimo vikiwa sawa. Kosa la kawaida ni kuongeza dozi, au mgonjwa kuacha dawa kwa kukata tamaa. Kinachotakiwa ni kutafuta chanzo kingine.

Kwa mwanamke wa Tanzania pa kuanzia panajulikana. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 42 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Ugonjwa wa tezi unauongeza upungufu huo, kwa sababu hedhi nyingi humwaga madini chuma. Mama hupewa vidonge vya kuongeza damu, naye kwa nia njema humeza vyote pamoja alfajiri: cha tezi na cha damu. Cha damu kinamzuia mwenzake, homoni inashuka, hedhi inaongezeka, damu inapungua tena. Mama anazunguka humo mwaka mzima, na kinachomtoa ni kuhamishia kidonge cha damu jioni. Hakigharimu hata shilingi, ila lazima mtu amwambie.

Baada ya damu, yapo ya kuangalia zaidi: kisukari, upungufu wa vitamini B12, minyoo, malaria inayorudi, kifua kikuu, VVU, usingizi mbovu, sonona. Sonona naitaja makusudi, kwa kuwa mwanamke anayelia bila sababu vijijini huambiwa avumilie. Ina tiba.

Mgori, kama kata nyingine za vijijini, haiwezi kutarajia mashine ya kupima homoni katika kila zahanati. Lakini damu inaweza kusafiri badala ya mgonjwa. Sampuli za wanaoishi na VVU husafirishwa kutoka vituo vya vijijini hadi maabara kubwa, na majibu hurudi kituoni. Hata kwa tezi hii si jambo jipya: jimbo la Quebec, Kanada, limekuwa likipima tezi za watoto wachanga kwa matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi tangu mwaka 1974. Sioni kwa nini pikipiki inayobeba sampuli za VVU isibebe pia chupa ya mama mwenye ugonjwa wa tezi. Na watu wa huku wana uzoefu wa kusimamia jambo kubwa: mwaka 1995 vijiji vitano vilianza kuulinda msitu wa Mgori, wenye zaidi ya hekta 40,000, kwa sheria na walinzi wao wenyewe.

Halmashauri ya Wilaya ya Singida iwaorodheshe wagonjwa hawa kama inavyowaorodhesha wa shinikizo la damu, na dawa itolewe ya miezi mitatu kwa mkupuo kabla mvua hazijaanza. Nawe unayemeza kidonge hiki, usikiache kwa sababu umepata nafuu. Nafuu hiyo imeletwa nacho. Na kama umekimeza ipasavyo, TSH iko sawa na bado umechoka, rudi kituoni uombe kupimwa wingi wa damu, na usiondoke hadi umepimwa.