Shina na Matawi ya Programu

Mtowisa iko katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya uwanda wa juu wa Ufipa. Hesabu ya wagonjwa wanaotibiwa sehemu kama hiyo huandikwa katika vitabu vya MTUHA, kisha jumla za kila mwezi huingizwa katika programu ya kompyuta iitwayo DHIS2. Kiini cha programu hiyo hutengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, kwa kushirikiana na wataalamu wa nchi nyingi, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ikiwa na kosa, idadi ya watoto waliougua malaria yaweza kusomeka pungufu, na dawa zikaagizwa pungufu vile vile.

Lakini programu haisimami kungoja kusahihishwa. Toleo moja likiwa linatumika wilayani, waandishi wake wamekwisha kuanza lijalo. Kwa sababu hiyo maandishi ya programu hugawanywa. Shina hupokea kazi mpya zote. Toleo linapokaribia kutoka, hukatwa tawi lenye namba yake, na tangu hapo tawi hilo halipokei jambo jipya ila masahihisho. Kumbukumbu ya mabadiliko yote hutunzwa na chombo kiitwacho Git, kilichobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005.

Kosa likigunduliwa, mtu angedhani yatosha kulirekebisha katika tawi linalotumika. Hapo ndipo penye mtego: shina lingebaki na kosa lile lile, na toleo lijalo lingelirudisha. Basi sahihisho huingizwa kwanza katika shina, kisha hunakiliwa peke yake, bila ya kukokota kazi zisizokamilika, hadi katika matawi ambayo bado yanatunzwa.

Kuunganisha nako kuna hatari. Watu wawili wakibadili mstari mmoja, Git husita na kumwachia mwanadamu aamue. Hilo si baya. Baya ni pale inaponyamaza. Tuseme mmoja amebadili umri uhesabiwe kwa miezi badala ya miaka. Mwingine, katika faili jingine, ameandika kwamba mtoto mdogo ni yule ambaye umri wake haujafikia 5. Mistari haikugusana, muunganisho unapita, na mtoto wa miezi 6 anahesabiwa pamoja na watu wazima. Kosa la namna hii hunaswa na majaribio yanayorudiwa baada ya kila muunganisho, na jicho la mwandishi wa pili. Kila tawi linalotunzwa huyadai majaribio hayo upya. Ndiyo maana matoleo ya zamani mno huachwa, na nchi zinazoyatumia hulazimika kuhamia jipya.