Miaka 5, miaka 3, na neno moja mwishoni mwa hukumu

Katika hukumu za jinai za mahakama zetu za Tanzania kuna neno ambalo kwa miaka mingi liliandikwa kwa Kiingereza karibu na mwisho kabisa, baada ya kurasa za ushahidi na baada ya hakimu kutaja miaka: "concurrently". Wakili wa utetezi akilisikia anapumua. Ndugu wa mshitakiwa, waliobanana kwenye benchi la nyuma, mara nyingi hawajui hata kwamba limetamkwa, wala kwamba lisingetamkwa mtu wao angekaa ndani muda mrefu zaidi.

Chukua mfano wa kijana wa Mbweni, kule ufukweni mwa Dar es Salaam. Anafikishwa katika mahakama ya wilaya Kinondoni kwa makosa mawili: kuvunja banda la wavuvi, na kuiba mashine ya boti iliyokuwa imehifadhiwa humo. Ushahidi unamtia hatiani kwa yote mawili. Hakimu anampa miaka 5 kwa kosa la kwanza na miaka 3 kwa la pili, kisha anafunga jalada. Tukiacha kando msamaha wowote anaoweza kuupata akiwa gerezani, kijana huyo ana miaka 8 mbele yake. Lakini hakimu akiongeza kwamba vifungo hivyo viende "concurrently", ile mitatu inamezwa ndani ya mitano, na kijana anatoka baada ya miaka 5. Makosa ni yaleyale, ushahidi uleule, na miaka iliyotajwa kwa kila kosa haikubadilika.

Wengi hudhani kwamba hakimu asiposema kitu, mfungwa anapata nafuu. Sheria yetu imekaa kinyume. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, katika kifungu ambacho mawakili wamekizoea kwa namba 168, inaeleza kwamba mtu akitiwa hatiani kwa makosa zaidi ya moja katika kesi moja, vifungo vyake vinafuatana: kimoja kinaanza pale kingine kinapokwisha, isipokuwa mahakama iagize viende kwa wakati mmoja. Kanuni ya Adhabu nayo, katika kifungu cha 36, inafuata njia hiyo kwa mtu ambaye tayari anatumikia kifungo kisha akahukumiwa tena kwa kosa lingine. Kifungo kipya kinasubiri cha zamani kiishe, mpaka mahakama iseme vinginevyo. Kwa hiyo ukimya wa hakimu ni hesabu ya kujumlisha, na karani wa gereza anayepanga tarehe ya mfungwa kutoka anafuata kilichoandikwa, si alichodhani hakimu alikikusudia.

Neno lenyewe limetoka Kilatini. "Currere" ni kukimbia, na "concurrere" ni kukimbia pamoja, au watu kukimbilia mahali pamoja. Kwenye mzizi huohuo yametoka maneno tuliyoyapokea Kiswahili bila kujua ukoo wake, kama kozi na korido. Waingereza walilipokea zamani na likawafaa mahakamani, kwa sababu kwao kifungo "kinakimbia" kama saa inavyokimbia. Vifungo viwili vikikimbia pamoja, siku moja gerezani inahesabiwa katika vyote viwili. Wafaransa walilichukua neno hilohilo wakalipeleka kwingine: anayekimbia pamoja nawe ni mpinzani wako, na hivyo mtu wa Goma au Lubumbashi aliyesoma kwa Kifaransa akiliona neno hili anafikiria ushindani wa biashara kabla ya kufikiria jela.

Kwa nini mahakama iruhusu miaka imezwe? Jibu la kitaalamu lipo tangu enzi za wakoloni. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, mwaka 1946 katika rufani ya Sawedi Mukasa, ilieleza kwamba mtu anapotenda makosa zaidi ya moja kwa wakati mmoja na katika tukio moja, desturi ni kuvifanya vifungo viende pamoja, ila pawe na sababu za pekee kabisa. Kauli hiyo inanukuliwa hadi leo. Mantiki yake iko wazi ukirudi kwa yule kijana. Banda halikuvunjwa kwa ajili ya kuvunjwa. Lilivunjwa ili mashine ichukuliwe. Ni kitendo kimoja ambacho sheria imekikata vipande viwili. Kumfunga miaka 8 ni kumwadhibu mara mbili kwa usiku mmoja. Ingekuwa ameiba Mbweni leo, kisha baada ya miezi miwili akaiba Kunduchi kwa mtu mwingine, hayo ni matukio mawili, na hakimu anayeamua vifungo vifuatane ana hoja nzuri mkononi.

Huko Marekani, mwaka 2009, jaji wa New York alimhukumu Bernard Madoff miaka 150 kwa utapeli mkubwa wa fedha, na hesabu hiyo ilifika huko kwa kupanga vifungo vya makosa 11 mfululizo. Mtu huyo alikuwa na umri wa miaka 71. Pale nia ilikuwa kutoa ujumbe, na kupanga vifungo mfululizo ndiko kulikoutoa.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini hakimu asitoe adhabu moja tu ya jumla, akaepuka mkanganyiko wote huu. Haruhusiwi, na kwa sababu ya msingi. Kila kosa lazima lipate adhabu yake, ili rufani ikifuta hatia ya kosa moja, adhabu ya lile lingine ibaki imesimama. Kijana wetu akishinda rufani kwa kosa la kuvunja, miaka 5 inaondoka, lakini ile 3 iliyokuwa imemezwa inajitokeza. Anaitumikia hiyo, basi.

Jambo jingine linalowachanganya hata wanasheria wachanga: kwenda pamoja si lazima kumalizika pamoja. Mfungwa aliyekwisha kaa miaka 2 kati ya 5, akahukumiwa miaka 4 mingine kwa amri ya kwenda kwa wakati mmoja, ile 4 inaanza siku aliyohukumiwa. Anakuwa amekaa miaka 6 kwa jumla. Miaka 3 ndiyo iliyolaliana, na mwaka mmoja umezidi.

Neno hili lina kazi nyingine katika sheria, nazo nitazipitia haraka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 76, inatumia neno hilo kuzipa Mahakama Kuu, mahakama ya hakimu mkazi, mahakama ya wilaya na mahakama ya mwanzo mamlaka ya kusikiliza mashauri ya ndoa, zote kwa pamoja, yaani hakuna iliyopewa peke yake. Mahakama ya Rufani nayo, tangu kesi ya Jaffari Mfaume Kawawa ya mwaka 1981, imeshikilia kwamba mahakama mbili za chini zikikubaliana juu ya ukweli wa jambo, yenyewe haitaingilia kirahisi. Makubaliano hayo huitwa "concurrent findings", na hapo neno linabeba maana yake nyingine, ya kukubaliana.

Turudi gerezani, maana huko ndiko neno linakoumiza. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Nililifurahia badiliko hilo na bado nalifurahia. Mtu ahukumiwe kwa lugha anayootea ndoto. Lakini neno tulilolichagua hapa halitoshi. Mahakimu wanasema, na magazeti yanaandika, kwamba adhabu "zitakwenda kwa pamoja". Nje ya chumba cha mahakama, kwenye korido, mama mmoja aliwahi kunishika mkono.

"Wakili mwanangu, hakimu kasema kwa pamoja. Hapo mtoto anatoka lini?"

Kabla sijajibu, kaka yake akadakia: "Dada, pamoja ni kuzijumlisha. Mitano na mitatu, minane."

Kaka mtu alikuwa amekosea sheria, ila Kiswahili chake kilikuwa sawa kabisa. Mchuuzi wa samaki akikupangia mafungu mawili akasema "kwa pamoja elfu kumi na tano", amejumlisha. Watoto wakiimba kwa pamoja, hawakujumlisha kitu. Wameimba kwa wakati mmoja. Lugha inaruhusu maana zote mbili, na katika mazungumzo ya kawaida hakuna anayepotea. Katika adhabu, maana hizo mbili zinapishana kwa miaka 3 ya maisha ya mtu. Mama yule alikuwa ameanza kulia kwa ajili ya miaka ambayo mwanawe hakupewa.

Ndiyo maana naomba mahakimu na waandishi wa habari za mahakamani waseme "kwa wakati mmoja", na kwa upande wa pili waseme "mfululizo", neno ambalo halina utata wowote. "Sambamba" nalo linafaa, ingawa bado linamwachia msikilizaji kazi ya kukisia. Kisha hakimu amalizie kwa tarakimu: hivyo mshitakiwa atakaa gerezani miaka 5. Sentensi hiyo ya mwisho inachukua sekunde chache kutamkwa, na inamfikia hata mtu aliyeketi mlangoni.

Na kama hukumu imesomwa na hakuna lililosemwa, mshitakiwa au wakili wake aombe ufafanuzi palepale, kabla hakimu hajainuka. Ikishindikana, rufani kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu inaanza kwa taarifa ya kusudio ndani ya siku 10 tangu adhabu itolewe, na sababu za rufani ziwasilishwe ndani ya siku 45. Muda uliotumika kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu hauhesabiwi. Mfungwa asiye na wakili anaweza kutoa taarifa hiyo kupitia mkuu wa gereza alimo. Rufani hiyo haihitaji kupinga hatia. Inaweza kuomba jambo moja tu: vifungo viende kwa wakati mmoja.