Sauti iko, pumzi haiko: mutoto wa Naviundu mbele ya kundi ya metali

Mara ya kwanza kusikia ile sauti, nilifikiri kuna mutu banamuchinja. Ilikuwa mangaribi, hapa ku Naviundu, umeme umekatika, mimi natoka ku mukutano wa sendika. Nyuma ya nyumba mwipwa wangu alikuwa amesimama chini ya muembe, macho amefunga, ananguruma sawa simba. Mama jirani wetu, wa kikundi cha maombi, alikuwa amekwisha kufika na Biblia mu mukono.

— Baba, huyu mutoto tumuombee. Anayelia mule ndani si yeye.

— Mama, ni mimi, kijana akajibu. Niko najizoeza tu. Siku ya posho banatafuta muimbaji.

Waliokuwa wanatafuta ni kundi ya vijana wane wa muji wetu, wanaopiga muziki wa metali. Muimbaji wao alienda Zambia kutafuta kazi, na wakatangaza kwa marafiki: anayejiamini aje, tutamupima sauti. Mwipwa wangu anawapenda hawa vijana tangu anasoma sekondari. Nyimbo zao zote anazo mu telefoni. Sasa ana miaka 23, na muchana anafanya kazi ku kiwanda kimoja cha kusaga mawe ya madini.

Sisi wakubwa tunajua rumba, tunajua karindula na banjo yake kubwa ya pipa na ngozi ya mbuzi, tunajua nyimbo za kanisa. Metali inatuogopesha. Nikamuuliza: huu muziki wa makelele ulitoka wapi? Akanijibu kitu ambacho sikungojea.

— Mujomba, ulitoka ku kiwanda. Ni muziki wa batu ba kazi sawa weye.

Na ni kweli. Mu muji wa Birmingham, Uingereza, muji wa viwanda vya chuma, kulikuwa kijana mumoja jina lake Tony Iommi. Mwaka 1965 alikuwa na miaka 17, anafanya kazi ku kiwanda cha mabati. Ilikuwa siku yake ya mwisho, alikuwa anaacha kazi ili aende kupiga gitari. Siku ile mufanyakazi wa mashine ya kukunja bati hakuja, wakamuweka Iommi pale, ku mashine asiyoizoea. Mashine ikamukata ncha za vidole viwili vya mukono wa kuume. Yeye ni mutu wa mukono wa kushoto: vile vidole njo alikuwa anakanyaga navyo nyuzi za gitari.

Bandugu wa sendika, tusome hii habari polepole. Mutu kuwekwa ku mashine bila kufundishwa, juu ya mwenzake hakuja: ni mara ngapi tumeandika jambo kama hilo mu ripoti?

Iommi aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akatafuta nyuzi nyepesi, akarudi ku gitari. Muimbaji wao, Ozzy Osbourne, alikuwa amefanya kazi ku machinjio ya ng'ombe. Naye alibandika karatasi ndogo mu duka la vyombo vya muziki: muimbaji anatafuta kundi. Kundi yao wakaiita Black Sabbath, na sahani yao ya kwanza ilitoka mwaka 1970. Wengi wanasema metali ilianzia pale.

Lakini habari aliyoipenda zaidi mwipwa wangu ni ya Tim Owens, mutu wa Akron, Marekani. Huyu alikuwa na kikundi kidogo kinachoiga nyimbo za Judas Priest, kundi ingine kubwa ya upande ule wa Birmingham. Muimbaji wa Judas Priest, Rob Halford, alikuwa ametoka mwaka 1992. Kaseti ya video ya Owens ikafika kwa mupiga batri wao, na mwaka 1996 wakamuita avuke bahari aende Wales kupimwa. Inasemwa hakumaliza hata wimbo: aliimba mustari mumoja, wakamuambia kazi ni yako. Aliimba nao sahani mbili. Mwaka 2003 Halford akarudi, Owens akatoka.

Wala haiko ya wazungu peke yao. Ku Nairobi, Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, na mwenzake Sam Karugu walianzisha kundi inaitwa Duma. Sisi tunasikia jina la munyama mwenye mbio, lakini kwa Kikikuyu maana yake giza. Sahani yao ilitoka mwaka 2020 kwa Nyege Nyege Tapes ya Kampala.

Siku ya posho ikafika. Wazee wanakumbuka kwa nini tunaiita vile: ilikuwa siku ya kugawa chakula kwa wafanyakazi. Nikamusindikiza kijana, juu dada yangu alikataa aende peke yake. Walikuja watu sita. Kila mumoja nyimbo tatu.

Wimbo wa kwanza, mwipwa wangu aliimba mupaka mupiga gitari akacheka kwa furaha. Alikuwa amenieleza: huu mungurumo hautoki ku koo, ukilazimisha koo utapoteza sauti mu wiki moja. Unatoka ku tumbo, hewa inapanda polepole, koo linabaki wazi. Wimbo wa pili, akaanza kukata maneno. Wa tatu, alikohoa. Akainama, mikono ku magoti, akakohoa tena. Mate aliyotema yalikuwa na rangi ya majivu.

Mukubwa wa kundi akamupa maji, akamuambia kwa heshima:

— Ndugu yangu, sauti iko. Pumzi haiko. Rudia kisha miezi tatu.

Njiani hakusema kitu. Mimi nilikuwa na haya kuliko yeye. Miaka mingi naongea mu mikutano juu ya mushahara na kontra, na mu nyumba yangu mutoto anarudia kila mangaribi nywele nyeupe na vumbi, maski yake ni kipande cha kitambaa.

Juma tatu tulienda kwa dokta. Akamupulizisha mu mashine ya kupima mapafu, akampiga picha ya kifua. Akasema bado mapema, lakini atoke haraka ku lile vumbi. Vumbi la mawe, lile dogo lisiloonekana na macho, linaingia mupaka ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa wake unaitwa silikosisi. Dawa ya kuuponya haiko. Kuuzuia kunawezekana: kumwagia mawe maji kabla ya kusaga, kuvuta vumbi na mashine, maski ya kweli inayobadilishwa.

Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inataka komite ya usalama na usafi ku kazi. Tulipeleka barua pale, na karatasi ya dokta juu yake. Kijana wamemuhamisha ku magazini. Maski mupya zimefika kwa wenzake waliobaki ku mashine. Maji bado hayajafika, na barua ya pili tumekwisha kuandika.

Ndugu musomaji, kama mutu wa nyumba yako anakohoa kisha kazi, usingoje aimbe ndipo ujue. Omba delegee wako apeleke jina lake kwa dokta.

Sasa ni mwezi wa pili. Kila asubuhi mwipwa wangu anatembea mupaka barabara kubwa na kurudia, anahesabu pumzi. Mangaribi ananguruma chini ya muembe. Mama wa maombi hajapenda ule muziki hata kidogo, lakini kila siku anamuletea kikombe cha tangawizi ya moto, anasimama pale mupaka amalize kunywa.